Kobe Aliyepauka

Bweni letu limeezekwa kwa bati, na ikifika saa sita mchana bati linaanza kulia: ta, ta, ta, kama mtu anamenya karanga juu ya dari. Wenzangu wanajipepea kwa madaftari na kulaumu joto. Mimi nikisikia ule mlio namkumbuka kobe. Sijawahi kumwambia mtu. Nikisema wataniuliza kobe gani, na nikianza kueleza nitawaona wote wananitazama mdomoni, kisha nitanyamaza katikati. Ndivyo nilivyo. Mambo ya kusema huwa nayaandika.

Likizo iliyopita nililikuta daftari langu la kidato cha pili chini ya tranka, lile ambalo panya walilitafuna pembeni. Mwezi wa kumi wote wa mwaka ule umejaa kobe. "Leo kobe kanywa maji." "Leo hajanywa." "Leo amekula jani moja la boga, la pili kaliacha." Mtu akilisoma atadhani sikuwa na shule wala rafiki. Shule nilikuwa nayo.

Kobe alikuwa wa bibi, mama yake baba. Nasema "wa bibi" kwa sababu sina neno lingine, maana hakufungwa kamba wala hakujengewa banda. Alikuja mwenyewe kutoka upande wa msitu wa Mgori kabla baba hajazaliwa. Siku hiyo jua lilikuwa kali, akaingia kwenye tembe la bibi, akaenda kulala nyuma ya kilindo, lile pipa la gome la mti ambamo bibi alihifadhi uwele. Bibi hakumfukuza. Tangu hapo ikawa desturi yake: asubuhi anatoka kwenda kula majani, jua likianza kuuma anarudi zake, anavuka kizingiti kwa shida kama mzee anayepanda basi, anapotelea gizani.

Tembe lile lilikuwa nyumba fupi ya udongo, paa lake bapa la miti na udongo, na nusu ya ukuta ilikuwa imezama ardhini. Baba ilibidi ainame ndipo aingie. Nje hata liwake jua la kukausha kope, ukiingia mle unasikia mgongo umepoa ghafla, kama umeegemea mtungi wa maji. Kulikuwa na harufu ya moshi, ya uwele, na ya mafuta ya alizeti aliyojipaka bibi. Nimelala kwenye nyumba mbalimbali tangu hapo. Harufu ile sijaipata tena.

Bibi alikuwa na sheria moja. Ukiingia ndani ukamkuta kobe, unamsalimu.

"Shikamoo."

Bibi ndiye aliyemjibia. "Marahaba."

"Huyu ni mkubwa wa baba yenu," alikuwa anasema. "Mnasalimia watu waliowazidi mwaka mmoja tu, huyu mnamruka kama jiwe?"

Kaka yangu, ambaye alikuwa ameshamaliza shule na anaendesha mkokoteni wa punda, aliitoa salamu hiyo kwa haraka huku mkono uko tayari kwenye karanga za bibi. Baba alishaacha kabisa. Alisema mtu mwenye watoto hawezi kusimama mbele ya watu akamwamkia kobe. Mimi nilipenda. Kwa wakubwa wengine shikamoo yangu ilikuwa inakwama kooni, wananiambia, "Sema kwa sauti, unaogopa nini?" Kwa kobe ilitoka vizuri.

Mwaka ule nilipokuwa kidato cha pili, macho ya bibi yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anatutambua kwa sauti, na kobe anamtambua kwa kumpapasa. Shangazi yangu anayeishi Manyoni akaomba ampeleke akatibiwe. Jioni kabla ya safari bibi aliniita mimi. Hakumwita mama wala kaka.

"Wewe hupendi kelele," akaniambia, "na yeye hapendi kelele. Mtaelewana. Asubuhi mpe maji kabla jua halijapanda, kwenye sinia. Usimwekee kwenye beseni, atazama. Mchana awe kivulini. Na usimbebebebe. Kobe ukimnyanyua kwa ghafla anakojoa maji yote aliyoweka akiba."

"Sawa bibi."

"Miaka mingapi namjua kwa mkono tu! Nikirudi nataka nimwone kwa macho."

Hilo ndilo nililopewa. Bibi akirudi, kobe awepo.

Kumbe kulikuwa na jambo lingine ambalo wakubwa walikuwa wameshakubaliana. Baba alikuwa anamalizia nyumba mpya ya matofali, na tembe lilikuwa limeanza kupasuka. Bibi alikubali libomolewe, ila alisema, "Libomoeni nikiwa sipo." Wiki ya pili baada ya yeye kuondoka wakalibomoa. Kazi ya siku mbili tu. Kilindo kikahamishiwa stoo, na pale lilipokuwa tembe pakabaki kifusi, kilima cha udongo mwekundu kilichofika kifuani kwangu. Siku zile zile mafundi walikuwa wanapaua nyumba mpya. Bati liling'aa hadi ukilitazama macho yanatoa machozi.

Saa nne ya siku ya pili kobe alirudi kama kawaida yake. Alikuja moja kwa moja hadi pale ulipokuwa mlango, akagonga kifusi kwa kichwa. Akarudi nyuma kidogo, akagonga tena. Nilisimama na ndoo mkononi nikimwangalia. Kwenye daftari niliandika, "Kobe kagonga mlango mara sita." Nilihesabu kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Kwetu mwezi wa kumi si mchezo. Mvua bado, upepo wa vumbi unakausha kila kitu, nguo unaanika unaanua hapo hapo. Nilijaribu kumtengenezea kivuli. Kwanza niliegemeza kipande cha bati kilichobaki kwa mafundi, nikamwingiza chini yake, nikajipongeza. Baada ya muda nikapeleka mkono kupima, nikautoa haraka. Ilikuwa kama mdomo wa jiko. Nikalitoa bati nikaweka gunia bichi juu ya vijiti. Upepo ulilikausha kabla sijamaliza kuosha vyombo. Nikampeleka jikoni kwa mama, kwenye banda la nyasi, ila kuku walimdonoa miguu akakaa ndani ya gamba siku nzima bila kula.

Na ndipo nikaona gamba lake limebadilika. Lilikuwa na vumbi jeupe lisilotoka, limechakaa, kama magoti ya mtoto aliyetoka kuoga akasahau mafuta. Kwa neno la kwetu, alikuwa amepauka.

Inabidi nieleze kitu kuhusu mama yangu. Mama anaweza kukusamehe umevunja sahani. Hawezi kukusamehe kutoka nyumbani umepauka. "Watu watasema mimi sina hata alizeti?" Kwa hiyo kila asubuhi, tangu tukiwa wadogo, mafuta ya alizeti kiganjani, uso, shingo, miguu. Mimi nilikua nikijua kwamba kiumbe aliyepauka ni kiumbe ambaye hana mtu.

Jumamosi jioni shangazi alipiga simu kwa mama. Bibi ameshafanyiwa jicho la kwanza, anaendelea vizuri. Kisha wakanipa simu niongee naye. Mimi simu siiwezi, ila hii ilikuwa lazima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwenzangu hajambo?"

"Hajambo. Ila bibi, kobe amepauka."

"Eti amepauliwa?"

"Amepauka, bibi."

"Nani kampaua? Kobe ana paa lake tangu azaliwe, halafu nyie mnampaua tena? Hao mafundi wa baba yako wamekosa nyumba za kupaua?"

Nilisikia shangazi anacheka kule nyuma, na bibi naye akacheka. Nikarudia taratibu: gamba limekuwa jeupe, limekauka, joto limemzidi, hata gunia bichi halisaidii, sijui nimfanyeje. Bibi akaacha kucheka.

"Haya, sikiliza. Usihangaike na magunia. Wewe mpa…"

Simu ikakatika. Mtandao wetu ndivyo ulivyo, mpaka upande kwenye jiwe lile la nyuma ya shule ya msingi. Mama alijaribu kupiga tena, haikupatikana.

Nililala nikiwa na lile neno lililokatika. Mpa. Nilitafuta mwisho wake, na mwisho niliuona upesi, kwa sababu nilikuwa nimeusikia kila asubuhi ya maisha yangu. Mpake. Mpake mafuta. Mtu akipauka unafanya nini kingine?

Jumapili asubuhi nilichukua mafuta ya alizeti kwenye chupa ya mama. Nilimpaka kobe kila mahali, katikati ya mistari ya gamba, pembeni, hata miguu. Aling'aa! Kwa mara ya kwanza niliona madoa yake vizuri. Halafu nikafanya kile ambacho kila mama wa kwetu anamfanyia mtoto mchanga: ukishampaka mafuta, unamweka kwenye jua la asubuhi ili yaingie mwilini. Nikamweka juu ya jiwe bapa. Na ili asiondoke mafuta hayajaingia, nikamzungushia matofali.

Hapo ndipo sipapendi kupasoma kwenye daftari. Kama nisingeweka yale matofali angejiondokea mwenyewe.

Nilikwenda bombani kuchota maji nikijua narudi sasa hivi. Foleni ilikuwa ndefu, na bomba lilikuwa linatoa maji kama machozi. Nilikuwa na aibu ya kuwaomba wakubwa wanipishe. Angekuwa mtu mwingine angesema, "Jamani, nimeacha kitu nyumbani." Mimi niliyapanga maneno hayo kichwani, nikayapanga tena, zamu yangu ikafika sijayasema.

Niliporudi ilikuwa inakaribia saa sita. Kaka alikuwa anamfungua punda uani.

"We binti," akaniita, "huyu kobe umemkaanga? Si ungeweka na chumvi basi."

Nikaitupa ndoo. Kobe alikuwa amenyoosha shingo yote nje, mdomo wazi, povu limetoka. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye mafuta kama ngozi ya pili, na sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka ukutani hadi mgongoni kwake. Nilipomgusa gamba liliniunguza. Kaka alipoona uso wangu aliacha utani. Aliyarusha matofali kwa teke, akambeba kwa mikono miwili akiwa amemlaza sawasawa, tukakimbia jikoni kwa mama.

Mama hakuuliza kwanza. Alimimina maji ya vuguvugu kwenye sinia, si ya baridi, alisema ya baridi yatamshtua, akaanza kumpangusa kwa kipande cha kanga. Mafuta yalitoka na vumbi, si yote. Tulikaa hapo watu watatu tukimwangalia. Baada ya muda kobe alifunga mdomo. Baadaye akashusha kichwa, akanywa.

"Ulimpaka mafuta ukamwanika?" mama akauliza.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Nani alikwambia?"

"Bibi."

Mama aliikamua ile kanga. "Bibi hakusema hivyo," akasema. Akachukua chupa ya mafuta akaipandisha kwenye rafu ya juu.

Jioni ile kobe alitembea hadi nje ya jikoni. Asubuhi nilipompelekea maji hakuwepo.

Nilimtafuta Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Chini ya mabua, kwenye mashimo ya matofali, kwenye shamba la jirani. Kaka alienda na punda wake hadi njia ya msituni akarudi bila kitu. Daftari la siku hizo lina mstari mmoja mmoja tu. "Hayupo." "Hayupo." Sikulia mbele ya watu. Nilikuwa nawaza jambo moja: bibi anafungua macho mapya, anauliza, na mimi ndiye wa kumjibu.

Jumamosi baba aliamka na sururu. Bibi alikuwa anarudi Jumatatu, na baba alitaka akute uwanja umesafishwa. Mpango ulikuwa kaka apakie kifusi kwenye mkokoteni, wakakitumie kufukia mashimo tuliyochimba udongo wa matofali. Mimi nilikuwa nafagia. Nikapita upande wa nyuma wa kifusi, upande ule ambao zamani kilikaa kilindo, nikaona mstari wa sisimizi. Walikuwa wanapanda kwenye udongo kisha wanaingia ndani. Nikainama. Pale walipoingilia udongo ulikuwa umechimbuliwa na kurudishwa, umelegea, na una doa jeusi linalong'aa. Nikanusa. Alizeti.

Upande wa mbele nikasikia sururu ya kwanza. Puu.

Nilitaka kuita, sauti haikutoka. Basi nikapanda juu ya kifusi nikakaa.

"Shuka hapo," baba akasema.

Sikushuka.

"We mtoto, sisemi na wewe? Shuka, utaumia."

"Hapana, baba."

Sijawahi kumwambia baba hapana. Hata yeye aliisikia hivyo, maana aliishusha sururu chini akaiegemea. Kaka akaacha kuvuta kamba ya punda.

"Kuna nini?" baba akauliza.

"Kuna mtu humu ndani."

"Mtu gani?"

"Mkubwa wako."

Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Nikamwonyesha shimo, nikamwonyesha sisimizi. Alipiga magoti, akachota udongo kidogo kwa vidole, akanusa, akaniangalia. Nilijua ameelewa mambo ya mafuta, pengine mama alishamwambia. Alipeleka kiganja ndani ya lile shimo, polepole, mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Akatulia hapo kama mtu anayesikiliza.

"Mna ubaridi," akasema. "Kama mle ndani."

Akautoa mkono, akakung'uta udongo. "Tutachukua upande wa mbele tu," akamwambia kaka. "Upande huu ubaki mpaka mvua."

Bibi alirudi Jumatatu na miwani myeusi. Aliitazama nyumba mpya akafunika macho kwa mkono: "Bati lenu linapiga kelele." Alitutazama mmoja mmoja, akasema kaka ameota ndevu bila ruhusa yake, akaniambia nina pua ya babu. Kisha akauliza, "Yuko wapi?"

Nilimshika mkono nikampeleka kwenye nusu ya kifusi. Nikamwambia yumo humo, ndani, ila sina uhakika kama yuko hai. Sikumwambia kuhusu mafuta. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Jumamosi, yakagoma. Bibi aliushika udongo wa nyumba yake, akauponda kidogo kwenye vidole.

"Tungoje," akasema.

Tulingoja karibu wiki tatu. Kila nikitoka shule namkuta amekaa kwenye kigoda chake kibarazani, ameelekea kifusi. Mimi nakaa chini karibu yake tunachambua mlenda. Hatukuongea sana. Nikikumbuka joto la mwaka ule, na mambo yote niliyoyaogopa, bado zile jioni nazitamani kuliko siku zozote nilizowahi kuishi. Bati lilikuwa likipoa juu yetu, ta, ta, na bibi anasema, "Linakumbuka jua."

Mvua ya kwanza ilianguka mchana, matone makubwa yanayopiga vumbi kabla ya kulilowanisha. Wote tulikimbilia kibarazani, hata baba aliyekuwa ametoka shambani. Mvua ilipopungua udongo wa kifusi ukaanza kutikisika. Kwanza kidogo. Kisha likatokea gamba, halafu kichwa chenye matope, kikageuka huku na huku.

Bibi alivua miwani. Alishuka kwenye manyunyu bila kitu kichwani, akachuchumaa.

"Kumbe una njano," akamwambia. "Nilishasahau kama una njano."

Alimwangalia muda mrefu. Mvua ilikuwa inaosha matope, na kwenye mistari ya gamba mafuta yaliyobaki yalikuwa yanafanya matone yateleze.

"Lakini mbona anang'aa hivi?" bibi akauliza, bado amemgeukia kobe. "Nani kampaka?"

Kaka alitazama juu. Mama akatazama mlenda.

"Mimi, bibi," nikasema, nikashuka nikasimama karibu yake. "Nilimpaka mafuta nikamwanika juani nikamzungushia matofali. Alitoa povu. Kidogo afe. Wewe ulisema mpa, simu ikakatika, nikajua ni mpake."

Yalitoka yote kwa pumzi moja. Bibi alinigeukia na yale macho yake mapya, mekundu bado, na mimi nikayaangalia.

"Nilisema mpatie udongo," akasema. "Mpatie udongo, atajizika mwenyewe. Kifusi si kilikuwepo?" Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika goti langu asianguke. "Mpake! Mtoto wa mama yako wewe!"

Kobe alikuwa ameshaanza safari kuelekea kwenye majani. Ilibidi apite mbele ya kibaraza, mbele ya miguu ya baba. Baba alimtazama anakuja. Akatutazama sisi, akaona hakuna mgeni, akakohoa.

"Shikamoo," akasema, kwa sauti ndogo kama yangu.

"Marahaba," bibi akaitikia kutoka kwenye mvua.